Fedha Mdomoni mwa Gunia

Somo: Mwanzo 43:11–23



Wana wa Yakobo walishuka Misri kununua nafaka. Walilipa, wakapimiwa, wakapakia punda, wakaanza safari ya kurudi Kanaani. Walipopumzika njiani, mmoja akafungua gunia lake ampe punda chakula, akaikuta fedha aliyolipa imelala palepale mdomoni mwa gunia. Walipofika nyumbani wakamwaga magunia yote, na kila mmoja akakuta mfuko wake wa fedha ndani. Wangekuwa watu wengine wangeshangilia. Hawa waliogopa, na baba yao akaogopa pamoja nao.

Nafaka ikaisha, njaa haikuisha. Ilipobidi warudi Misri, mzee Yakobo akawapa agizo. Yakobo huyu ndiye aliyemuuzia kaka yake sahani ya dengu kwa bei ya haki ya mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo hakuna anayeweza kumfundisha biashara. Lakini safari hii anawaambia wanawe wachukue fedha mara mbili: ya kununulia nafaka nyingine, na ileile iliyorudi kwenye magunia. Wairudishe kwa mikono yao wenyewe, maana huenda yalikuwa makosa. Hakuuliza makosa ya nani. Hakusema Wamisri ni matajiri hawataona pengo. Hakusema muuzaji angehesabu vizuri, shauri yake. Na wale vijana walipofika nyumbani kwa Yusufu hawakungoja kuulizwa. Walimwendea msimamizi wa nyumba wakamweleza wakiwa bado wamesimama mlangoni, kabla hawajanawa miguu.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya gemu. Wazee wangu, msikunje uso, nitaeleza.

Karibu na stendi ya Masasi, na Newala mjini pia, kuna vyumba ambavyo ukipita jioni unasikia vijana wakishangilia goli na hakuna uwanja. Ndani kuna runinga mbili tatu, chini ya kila runinga kuna pleisteshoni, na kwenye benchi vijana wameshika pedi wanacheza mpira wa kwenye kioo. Wanalipia kwa mechi, mia tatu au mia tano. Mwenye kibanda ni mfanyabiashara sawa na muuza vocha au fundi baiskeli, na wapo waliosomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Sitawahubiria kwamba mchezo ni dhambi. Kitu kimoja sitakitetea, nacho ni dubwi, ile mashine ya kutumbukizia sarafu inayowekwa pembeni mwa duka hadi vijijini. Ile ni kamari, na sheria inakataza mtu chini ya miaka 18 kuigusa. Mwenye dubwi anayepokea sarafu ya mtoto wa darasa la tano anajua anachofanya.

Turudi kwenye gemu. Oktoba ndiyo hii, minada ya korosho ya vyama vya ushirika inaanza: MAMCU kwa upande wetu wa Masasi, TANECU kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba. Fedha zitaingia kwenye akaunti, na watoto wetu wanajua siku zitakayoingia kuliko tunavyojua sisi. Zitanunua mabati, zitalipa ada, zitanunua pikipiki. Katika nyumba kadhaa zitanunua pia simu kubwa kwa ajili ya gemu, au pleisteshoni iliyokwishatumika, au diski zake. Kisha Januari itafika, na mimi nitaletewa kesi.

Moja nililetewa majuzi. Kijana mwenye kibanda cha gemu kule Newala alishuka Masasi siku ya Ijumaa, akanunua kwenye duka moja diski ya mpira, iliyokwishatumika, kwa shilingi 35,000. Gari la kupanda Newala lilikuwa linajaza, kwa hiyo hakuomba iwashwe aione inacheza. Jumatatu akarudi nayo. Akasema inakwama: mechi za kawaida zinafunguka, lakini ukitaka kuchezesha ligi picha inaganda. Mwenye duka hakubishana sana. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana akapandisha sauti, watu wakajaa, ndipo mtu akamwita mjomba wake anayekaa hapa mjini, na mjomba akaona aniite na mimi.

Kwa watu wa huku sina haja ya kueleza mjomba ni nani. Akisema, kijana hunyamaza. Aliichukua ile diski, akatoka nayo mlangoni, akaigeuza juani. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba unaozunguka karibu na ukingo, ambao hutokea mtu akiisogeza mashine wakati diski inazunguka ndani yake.

“Mwenye duka,” akasema, “mkwaruzo huu uliuona, hukuuona?”

“Mzee wangu, hizi diski naletewa nyingi. Siwezi kusema.”

“Na wewe mpwa wangu, mashine yako Jumamosi ilikaa palepale, au mliisogeza?”

Kijana akakuna kichwa. “Tuliihamishia upande wa dirishani, mjomba. Kulikuwa na joto.”

“Watoto walikulipa Jumamosi?”

“Walinilipa.”

“Na Jumapili?”

“Na Jumapili.”

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa kwamba shauri lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Mkwaruzo ule ungeweza kuwa wa kabla ya Ijumaa au wa baada yake, na hakuna aliyeweza kuapa. Dakika kumi za kuiwasha mashine pale dukani zingemaliza neno lote. Kijana alikuwa na haraka ya gari. Mwenye duka alikuwa na haraka ya fedha. Mwishowe walikubaliana: kijana akapewa diski nyingine, ikawashwa mbele yetu sote, ligi ikafunguka, naye akaongeza shilingi 10,000 kutoka kwenye mapato ya Jumamosi na Jumapili. Kibao bado kipo ukutani.

Kibao hicho kinahitaji neno, maana vipo vingi, na wengi wenu mnaviamini kama amri ya Musa. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, akamtegemea kwa ujuzi wake, kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, pamoja na kumpotosha kuhusu haki alizonazo. Sheria hii ilipitishwa wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa Masasi, aliyezikwa Lupaso mwaka 2020, kwa hiyo tusiione kama jambo la watu wa Dar es Salaam. Chombo kinachoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC, na mlaji aliyedhulumiwa anaruhusiwa kupeleka malalamiko huko. Muuzaji anayetundika kibao ili mtu aliyeuziwa kitu kibovu aamini hana pa kwenda, anatundika uongo.

Lakini someni upande wa pili wa sheria hiyohiyo, ambao hausemwi redioni. Ile ya Mauzo ya Bidhaa inasema mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kumwonyesha. Inasema pia kwamba aliyekaa na bidhaa kwa muda uliozidi kiasi bila kutamka kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Wala haimlazimishi mwenye duka arudishe fedha kwa sababu tu mnunuzi amelala akaamka na mawazo mengine, au ameona kwa rafiki yake toleo jipya zaidi. Kila tarehe 15 Machi, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, tunasikia habari za haki. Ningependa siku moja nisikie kwa sauti ileile kwamba mlaji ana macho, ana ulimi wa kuuliza, na ana wajibu wa kuvitumia kabla hajafungua pochi.

Kuhusu diski na gemu za kuchoma, zile za bei ya maandazi, nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Aliyenunua kazi iliyoibwa, tena akijua imeibwa, asije kwangu kudai arudishiwe fedha kwa jina la haki.

Sasa tujitazame wenyewe, maana msimu huu sisi ni wauzaji kabla hatujawa wanunuzi. Mkulima anapofikisha korosho chama cha msingi, gunia linakaguliwa, mizani inasoma mbele ya macho yake, anaandikiwa stakabadhi. Tumeishi na mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na tumejifunza kuuliza maswali makali: unyaufu umekatwa kiasi gani, kwa nini korosho zangu zimewekwa daraja la chini, mbona malipo yamechelewa. Ni maswali halali, muendelee kuyauliza. Tunamchukia kangomba, anayekuja kabla ya msimu, mtu ana njaa, akapima korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei anayotaka yeye. Tunakumbuka mwaka 2018, minada ilipokwama Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulivyopita nyumba kwa nyumba kumtafuta kangomba, na jinsi wakulima wa kweli walivyosubiri malipo yao. Mtu wa Masasi au Newala hahitaji kuelezwa maumivu ya kupunjwa.

Lakini tunajua pia mengine. Tunajua nani alinyunyizia korosho maji usiku ili zizidi uzito asubuhi. Tulisikia, nchi nzima ilisikia, habari za kokoto zilizokutwa kwenye magunia ya korosho zetu yalipofunguliwa Vietnam. Wana wa Yakobo walikuta fedha mdomoni mwa gunia wakairudisha. Sisi wengine tumeweka mawe chini ya gunia na kulishona. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwataja wafanyabiashara wa zamani zake waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, wakauza hata makapi ya ngano. Wale walikuwa watu wa ibada, wanaoshika sikukuu zote huku wakihesabu saa ziishe wakafungue duka.

Mithali nayo, sura ya 20 mstari wa 14, inamkamata mnunuzi. Inamchora mtu anayesimama mbele ya bidhaa akiiponda, mbovu hii, mbovu hii, mpaka muuzaji akate tamaa na kushusha bei. Kisha akifika pembeni anajisifu kwa alichopata. Ukikaa Mkuti siku ya soko utamwona huyo kabla ya saa nne. Huenda utamwona kwenye kioo chako. Mnunuzi anayetunga kasoro ili apunguziwe ni ndugu wa muuzaji anayeficha kasoro ili alipwe zaidi, na wote wawili tunawapa komunyo Jumapili.

Huko kwenye gemu za kompyuta, zinazonunuliwa kwa intaneti bila diski, jambo hili limepimwa kwa namna ambayo imenifundisha. Duka kubwa kuliko yote la gemu hizo linaitwa Steam, la kampuni ya Valve ya Marekani. Kwa miaka mingi ukishalipa umelipa. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Australia iliishtaki Valve mahakamani kwa kuwaambia wanunuzi wa nchi hiyo kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha, mamlaka ikashinda, na mwaka 2016 kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 3 za Australia. Kibao cha ukutani, mnaona, hakipo Masasi peke yake. Kesi ikiwa bado inaendelea, Juni 2015, Steam iliweka utaratibu mpya kwa dunia nzima: ukinunua gemu, una siku 14 za kuomba fedha yako irudi, mradi hujaicheza kwa saa mbili kamili. Sababu yoyote inakubalika. Mashine yenyewe inahesabu dakika ulizocheza, kwa hiyo hakuna mjomba anayehitajika.

Ni utaratibu mzuri, na umewasaidia wengi. Wakubwa nao walilazimika kujifunza unyenyekevu. Desemba 2020 kampuni ya Poland, CD Projekt, ilitoa gemu iliyosubiriwa kwa miaka, Cyberpunk 2077, na kwenye pleisteshoni za toleo la nyuma ilikuwa inakwama na kujizima ovyo. Kabla ya Krismasi Sony, wenye pleisteshoni hizo, walikuwa wameitoa dukani mwao na kuwarudishia fedha walioomba. Mwaka 2024 Sony haohao walizindua gemu iitwayo Concord, wachezaji hawakuja, na baada ya wiki mbili wakaifunga na kumrudishia kila mnunuzi fedha yake.

Ila mwaka 2021 lilitokea jambo jingine. Mtengenezaji mdogo anayejiita Emika Games alitoa gemu ya kutisha, Summer of '58, fupi, ambayo mtu huimaliza kwa chini ya saa mbili. Waliocheza waliipenda. Wakaandika maoni ya kuisifu. Kisha wengi wao, baada ya kuicheza yote hadi mwisho na kuifurahia, wakaomba fedha zao, na utaratibu ukawarudishia, maana saa mbili hazijaisha. Mtengenezaji akatangaza kwamba anaacha kazi ya kutengeneza gemu kwa muda usiojulikana.

Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja wao alifanya alichoruhusiwa, na hakuna mahakama itakayomwita. Nimekaa na habari hii kwa muda mrefu kuliko hizi nyingine zote, kwa sababu nawajua watu hao. Ni yule anayeazima suti dukani kwa kisingizio cha kuinunua, akasimamia harusi nayo, Jumatatu akairudisha akisema inambana. Ni yule anayekula chapati tatu na robo ya nne, ndipo anapoona unywele. Haki ya kurudisha iliwekwa kwa ajili ya aliyedanganywa. Anayeitumia kula bure anamnyang'anya yule atakayedanganywa kesho, kwa sababu muuzaji akishaumwa mara mbili tatu hutundika kibao, na kibao kinamzuia mkweli na mwongo kwa pamoja. Yakobo angeweza kukaa na fedha ile akisema hakuiba. Ni kweli, hakuiba. Bado aliirudisha.

Kwetu fedha ya mdomoni mwa gunia siku hizi huingia kwa simu. Mtu anakosea tarakimu moja, shilingi 80,000 zinatua kwako, na kabla aliyetuma hajapiga simu ya huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe, wewe umeshakimbia kwa wakala kuzitoa, kisha unatoa ushuhuda kanisani kwamba Bwana amefungua mlango. Ndugu yangu, huyo Bwana ana namba ya simu, ipo kwenye ujumbe uliopokea, naye analia.

Wazazi nanyi nina neno lenu. Gemu nyingi za simu ni za bure kuzipakua, na biashara yake iko ndani: mtoto ananunua almasi za Free Fire, mavazi ya askari wake, silaha yenye rangi. Analipa kwa simu ya mama, kwa namba ya siri anayoijua kwa sababu ndiye anayemsomea mama meseji. Mara nyingi huko hakuna duka. Kuna mtu wa kwenye kundi la WhatsApp anayesema tuma kwanza. Huko Marekani, mwishoni mwa 2022, kampuni ya Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya serikali kuishtaki kwamba ilipanga vitufe vyake kwa namna iliyowafanya watu walipe bila kukusudia, na kwamba iliwaacha watoto wanunue bila ridhaa ya wazazi. Waliodai kupitia benki zao walifungiwa akaunti. Kwa hiyo mtego upo, wala si uzembe wa mama wa Newala peke yake. Kwa sheria yetu ya mikataba, mtu chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, na mwenye duka wa hapa kwetu anayemuuzia mtoto wa miaka 12 mashine ya laki mbili bila kuuliza fedha imetoka wapi, ajue kwamba mzazi akija ana hoja nzito. Lakini yule wa WhatsApp humpati. Badilisheni namba ya siri leo, na meseji zenu jifunzeni kuzisoma wenyewe, hata kama ni kwa kukariri herufi polepole. Mtoto akikosea, msimfiche dukani wala msimsingizie mwenye duka. Mpelekeni aeleze kwa kinywa chake, kama wale wana wa Yakobo mlangoni.

Wapo watakaosema Padre amehama altareni akaenda sokoni. Kanisa la Masasi lilianzia wapi? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipanda kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani Unguja. Walikusudia kufika Ziwa Nyasa, wakaishia hapa chini ya milima yetu ya mawe wakajenga. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, 1873. Wangoni waliposhambulia Masasi mwaka 1882, misheni ikahamia Newala kwenye ulinzi wa Chifu Matola. Waumini wale wa kwanza, ambao miji yetu hii miwili inawaita mababu wa imani, walikuwa watu ambao miili yao iliwahi kukaguliwa meno na misuli, ikatajiwa bei, ikauzwa. Sidhani kama mmoja wao angeelewa mtu akimwambia kwamba mambo ya kununua na kuuza hayamhusu Mungu.

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, sura ya 32, alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, akaagiza zote zitiwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji, na nabii anatunza risiti. Sisi hapa kwenye amani tunaiacha juu ya kaunta, au tunakubali kupunguziwa buku mbili ili muuzaji asiitoe, halafu tunataka mchungaji awe shahidi wa mauzo ambayo hakuyaona.

Msimu huu, atakayemnunulia mtoto mashine au diski aende naye, aombe iwashwe palepale, aicheze mpaka aridhike, hata kama gari la Newala linapiga honi. Aseme wazi anaitaka kwa kazi gani. Adai risiti, aiweke penye cheti cha ubatizo. Ikiwa mbovu, airudishe siku hiyohiyo au inayofuata na aseme ukweli wote, pamoja na mechi zilizochezwa. Wenye maduka, wekeni runinga moja ya kujaribia, na kile kibao kishusheni.

Na yeyote mwenye fedha ya mtu iliyomfikia kwa makosa, iwe chenji iliyozidi, malipo ya korosho yaliyoandikwa jina la jirani, au muamala uliopotea namba, airudishe kabla ya Jumapili ijayo. Asiyejua amrudishie nani aje ofisini. Nipo Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri.